Wifi Alikataa Kutema Maji

Kama leo umetoka kupigwa picha ya kifua, na daktari amezungumza na mumeo badala ya kuzungumza nawe, basi haya nimekuandikia wewe. Sijui mengi kuhusu dawa. Najua kukaa kwenye benchi, najua kikopo cha makohozi chenye kifuniko, na najua kwamba mtu anaweza kuugua pahali pawili kwa wakati mmoja, kifuani na moyoni, akatibiwa pahali pamoja tu.

Nikuambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimu kwa furaha nyingi najiuliza anataka nini. Hata kanisani, nilikobatizwa nikiwa mchanga huko milimani Taita, nilikuwa nikiimba huku jicho moja likiwatazama wenzangu. Kwa hiyo usitarajie nikuambie kwamba siku moja niliona mwangaza nikawa mtu mpya. Wako waliosema hivyo mbele yangu, na nikawashuku pia.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Tulikaa Chaani, huko pwani, mimi na mume wangu Mwakio, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli. Mtoto wetu wa kwanza, Damari, alikuwa na miezi saba. Kikohozi kilinianza wakati wa vuli, nikakiita mafua. Kaskazi ilipoingia na jua likawa kali, nilikuwa nimekonda hata leso ikawa inanizunguka na kubaki. Siku moja nilikuwa namwogesha Damari, nikakohoa, nikaona damu ndani ya beseni, kwenye maji ya mtoto. Nilimnyanyua nikayamwaga yale maji upesi, kama mtu aliyeiba.

Kwenye zahanati tulikaa kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alimvuta mtoto wake akampeleka upande wa pili. Nilimchukia palepale. Nilikuwa nimesahau kwamba dakika chache kabla ya hapo mimi mwenyewe nilimvuta Damari asiwe karibu na mzee mmoja aliyekuwa akikohoa. Ndivyo benchi la hospitali lilivyo: kila mtu anamshuku wa kulia kwake na kushukiwa na wa kushoto.

Daktari alisema na Mwakio. Ni kifua kikuu. Nitalazwa mwaka mmoja na zaidi. Mtoto aachishwe ziwa leo hii, wala asilale nami. Njiani Mwakio alinitangulia hatua mbili, na alipozungumza hakugeuka.

"Damari ataenda kwa dada," alisema.

Dada yake aliitwa Mghoi. Alikuwa mjane, akikaa Likoni, ng'ambo ya feri, na kufua nguo katika shule moja ya bweni. Mimba tatu zilimharibikia, na baada ya hiyo ya tatu mumewe akafa, kwa hiyo hakuwahi kuitwa mama na mtu yeyote. Mimi nilimheshimu kama inavyopasa kumheshimu wifi mkubwa, lakini sikuwahi kumpenda. Alikuwa mlokole, mwenye kanzu ndefu na sauti ndogo, na mtu mwenye sauti ndogo siku zote huniogopesha. Alikuja siku ya pili yake akiwa na leso ya kumbebea mtoto. Leso ilikuwa mpya, haijaguswa na maji. Damari alilia akininyoshea mikono, akafungwa mgongoni kwa leso ile, wakaenda zao kituo cha basi.

Leso hiyo niliifikiria kwa miezi mingi. Nani hununua leso mpya kwa ajili ya mtoto wa mgonjwa, na aliinunua lini?

Kabla sijalazwa, mama yangu mzazi aliteremka kutoka Taita kwa gari la moshi. Aliponiona hakulia. Alikaa chini, akavua viatu, akauliza ni nani katika ukoo aliye na hasira nami.

Itabidi nieleze hili kwa wasiotujua. Kwetu, ugonjwa usioondoka hutafutiwa hasira. Hasira aliyoificha ndugu wa karibu ndiyo inayomla mgonjwa, na mwenye hasira hiyo huenda hata yeye hajijui. Tiba yake tunaiita kutasa. Ndugu hukusanyika, na kila mmoja hupiga funda la maji, akayapuliza nje, akasema kwamba kama ni moyo wake unaomdhuru mgonjwa, basi hasira hiyo anaitoa na mgonjwa apone. Tulilelewa tukiamini pia kwamba ukiyatema maji hayo huku hasira umeibakiza ndani, umemmaliza mgonjwa. Kanisa lilikuwa limetukataza kutasa. Sote tulikuwa Wakristo, na sote tulijua bakuli la kazi hiyo liko wapi.

Tulikusanyika uani Jumapili baada ya ibada. Mama alitangulia. Mwakio akafuata, akitazama njiani asije akaonwa na mzee wa kanisa. Kisha mama akamnyoshea bakuli wifi, ambaye alikuwa amesimama na Damari mgongoni.

"Mghoi mwanangu, imebaki zamu yako."

"Nisamehe, mama. Mimi nimeokoka. Mambo hayo niliyaacha."

"Hapa nani hajabatizwa? Hakuna anayekuambia uabudu jiwe. Ni maji tu, na maneno mawili."

"Kama ni maji tu, mama, basi hayanihitaji mimi."

Mama aliliweka bakuli chini taratibu. Kwetu, anayekataa kutema ni kama aliyekiri, na kila mtu pale uani alilijua hilo. Wifi alilijua kuliko sote. Alituaga kwa adabu, akaondoka na mwanangu.

Nililazwa kesho yake katika hospitali ya kifua, upande wetu huohuo wa bara. Kila asubuhi sindano, leo tako la kulia, kesho la kushoto, hata pakawa hapana pahali pasipouma. Na vidonge vikubwa vya kuchefua, ambavyo ukivimeza unavirudisha, sista anakuletea vingine. Masikio yalianza kuvuma. Nikisimama, sakafu inainama. Maziwa yalinijaa siku za mwanzo yakanichurura hadi kwenye shuka, na hapakuwa na wa kunyonya, na hilo liliniuma kuliko sindano zote. Baada ya wiki mbili yakakauka. Nilijitazama kifuani nikaona ngozi tupu, kama mwanamke asiyewahi kuzaa, nikasema moyoni: sasa tumelingana, mimi na wifi. Ndivyo alivyotaka.

Baada ya sindano kama sitini mama alirudi tena kutoka Taita akiwa na neno moja. Sindano haiwezi kutoa hasira ya mtu. Nitoke, twende milimani, huko wataalamu wapo. Mwakio alikataa, wakagombana kwenye veranda mbele ya wagonjwa. Mama alimwambia anamlinda dada yake. Mwakio akamwambia mama anataka kuniua. Baadaye waliniuliza mimi.

Nilikataa kuondoka. Watu wa kanisa waliposikia walinisifu kwa imani yangu, nami nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilifikiri hivi: nikienda Taita nikafia huko, Damari atakuwa wa wifi moja kwa moja. Nikikaa hapa karibu, atajua ninamtazama. Kushuku kwangu ndiko kulikonibakiza kwenye sindano, na sindano ndizo zilizoniponya, kwa hiyo sitaki kukudanganya kwamba tabia hiyo haikuwahi kunifaa.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala Bi Mwanasha wa Kisauni, mama mtu mzima wa Kiislamu, wa nyumba ya zamani ya wafanyabiashara. Alikuwa mwembamba kama mimi, lakini hakukubali kukaa bila kujitanda vizuri na kujitia udi. Alinifundisha namna ya kumeza vile vidonge kwa kipande cha ndizi, na namna ya kukohoa bila kujichosha. Mimi nilijiuliza anataka nini kwangu. Hakutaka kitu. Alikuwa na wanawe sita, na kila siku ya wageni alikuja mmoja tu, yuleyule binti wa mwisho.

Kila jioni mwinjilisti alikuja wodini, na sisi Wakristo tuliokuwa na nguvu za kukaa tulisali pamoja, tukamaliza kwa Sala ya Bwana. Mimi niliisema na wenzangu mpaka kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea. Hapo nilifumba mdomo. Nilingoja wapite, kisha nikajiunga nao mbele. Nilijiambia kwamba Mungu hapendi uongo, na mimi sikuwa tayari kusema uongo. Nilijiona mwaminifu sana. Mwinjilisti hakutambua. Sista hakutambua.

Siku moja wakati wa masika, mvua imetufungia ndani, Bi Mwanasha aliniita.

"Wakesho."

"Abee, bibi."

"Njoo ukae. Mimi si wa dini yenu, na hili si langu. Lakini sala yenu ile n'meisikia hata naijua sasa. Kuna pahala kila jioni wenzio wasoma, wewe wanyamaza. Pana nini hapo?"

"Hapana kitu, bibi. Ni kikohozi."

"Kikohozi kishikacho pahala pamoja kila siku, mwanangu, hicho si cha kifua."

Nilirudi kitandani nikamchukia kwa siku tatu, hata ndizi yake sikuipokea. Watu wa dini yangu walikuwa wamenizunguka miezi yote ile na Biblia zao, na aliyenisikia nikinyamaza alikuwa Mwislamu mgonjwa. Hata Mungu nilimshuku katika hilo. Niliona amemtuma mtu ambaye sikuwa nimejilinda naye.

Siku ya nne Mwakio alikuja na habari. Damari ana surua. Macho yamevimba, hanywi uji.

Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka, na nataka ukielewe vizuri, kwa sababu sikugeuzwa na upendo. Niligeuzwa na hofu. Nilikuwa nimetumia nusu mwaka kuuliza ni nani mwenye hasira katika ukoo wetu. Sasa, kwa mila yetu ileile, nikajiuliza swali lilelile, na jibu likaja lenyewe. Mwenye hasira ni mimi. Nimeilea hapa kitandani, asubuhi na jioni, nikiielekeza Likoni, kwenye mgongo wa mwanamke yule. Na ni nani aliyefungwa kwenye mgongo huo? Kama hasira hula watu, basi yangu ilikuwa inamla mwanangu.

Nilijaribu kusali. Nilifika kwenye yale maneno nikakwama. Nikaanza upya, nikakwama. Nilikuwa nimewashuku watu wengi maishani mwangu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimshuku mtu niliyekuwa nimemwacha nje ya hesabu, na kila nilichokipekua kwake nilikikuta. Nilikuta kwamba nilifurahi mimba ya tatu ya wifi ilipoharibika. Si furaha kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeona mvua imemnyeshea mwenziwe yeye yumo ndani. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo, nami niliogopa mtoto wake atapendwa zaidi nyumbani kuliko nitakaowazaa mimi. Jambo hilo nilikuwa nimelizika kabisa, hata sikujua kwamba lipo.

Nilimwambia Mwakio amwite dada yake.

Alikuja siku ya wageni. Alikuwa amemwacha Damari kwa jirani, homa imeshuka kidogo. Alisimama kwenye veranda, hatua nne kutoka kwangu, kama ilivyokuwa sheria, amekonda na yeye. Sikumuuliza habari za njiani. Nilikuwa nimeshika kikombe changu cha bati.

Nilipiga funda. Mdomo umejaa maji, mashavu yamefura, ndipo nikakumbuka niko wapi. Mate yangu ni sumu. Kila ukuta wa wodi ile ulikuwa na tangazo, na sista alikuwa akitukaripia kutwa: usiteme nje ya kikopo, utaua mtu. Na mbele yangu amesimama mwanamke atakayerudi kumpakata mwanangu. Nilisimama hivyo, siwezi kutema, siwezi kusema. Wagonjwa wawili wakaanza kucheka.

Nikayameza yale maji.

"Wifi," nikasema, "nilikuwa na hasira nawe. Tangu siku uliyokataa, na kabla ya hapo. Hata mimba yako ilipoharibika sikukulilia kama nilivyojifanya. Naitoa hasira hiyo. Sina pahali pa kuitemea, lakini naitoa. Mungu anisaidie, na Damari apone."

Alijifunika uso kwa upande wa leso, akageuka, akateremka ngazi upesi akielekea kituoni. Hakunijibu wala hakuniaga. Nami, mtu niliyetoka kuitoa hasira yangu mbele ya Mungu na watu, sikumaliza hata dakika mbili kabla ya kuwaza kwamba asiye na hatia angesema asante.

Damari alipona. Surua huisha yenyewe kwa watoto wengi, na mimi sitakuambia kwamba ni kwa ajili ya maneno yangu. Wala mapafu yangu hayakupona kwa ajili hiyo. Nakuomba sana, usimwache daktari ukaenda kusameheana na watu. Fanya yote mawili, lakini sindano usiikose. Bi Mwanasha alikuwa na moyo safi kuliko mimi, na mapafu yake hayakumsikiliza. Alifariki kusi ilipoanza kuvuma, asubuhi, binti yake yule wa mwisho akiwa njiani. Siku hiyo nililia kuliko nilivyojililia mwenyewe, na sikujiuliza ni nani anayenitazama.

Lakini ndani yangu kulikuwa na jambo limebadilika, na sijui nilieleze vipi bila kukufanya unishuku. Jioni ile ya veranda niliisali sala nzima. Sauti yangu ilisikika ya mtu mwingine pale nilipozoea kunyamaza. Sikuona furaha. Niliona uchovu, ule wa mtu aliyeshusha mzigo wa kuni na bega bado limekufa ganzi. Kesho yake ndipo nilipogundua kwamba sina la kufanya. Saa zile za mchana nilizokuwa nikizitumia kumpekua wifi, amesema nini, amevaa nini, kwa nini Mwakio alitaja jina lake mara mbili, zilikuwa tupu. Nikaanza kusikia mabehewa yakigongana kule reli. Nikala chakula bila kukinusa kwanza. Nikaanza kuzungumza na Mungu mchana, bila mwinjilisti, maneno madogo madogo, na mengine yalikuwa ya kulalamika. Kushuku hakukutoka. Kulikuja kila asubuhi pamoja na sindano. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na pahali pa kuzipeleka shuku zangu, nikizipeleka kila siku, na siku nyingine mara kumi.

Niliruhusiwa kutoka kaskazi ya pili ilipokuwa inakwisha. Makohozi yalikuwa safi miezi sita mfululizo. Nilikuwa nimenenepa usoni, sikio la kushoto limepunguka kusikia, na linavuma hadi leo. Mjini watu walikuwa wakizungumza vyama na uchaguzi, na mimi nilikuwa na safari moja tu.

Nilivuka na feri kwenda Likoni peke yangu. Nilimkataza Mwakio asinisindikize. Wifi alikaa chumba kimoja nyuma ya shule, na mlango ulikuwa wazi. Damari alikuwa sakafuni akichezea vibanio vya nguo. Alikuwa anakaribia miaka miwili, nywele zimesukwa vizuri, miguu minene. Nilimwita. Alinitazama, akaviacha vibanio, akamkimbilia wifi na kujificha nyuma ya kanzu yake.

"Mama," alimwambia wifi, "nani huyu?"

Na mimi, mwenye macho yangu, nikauona uso wa wifi. Kwa nukta moja ulifurahi. Kisha ukajizima.

Nilikaa kitandani kwake. Wifi alimpa Damari kipande cha muhogo, akamtoa nje kivulini, akarudi akasimama mbele yangu kama mtoto wa shule.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Basi acha nikwambie yote, wifi, maana siku ile hospitali ulisema yako, na mimi nilikimbia. Nilipoambiwa unakohoa damu, kabla sijalia, nilifurahi. Nilisema moyoni, mtoto atakuja kwangu. Niliomba Mungu aniondolee, na bado furaha ilikuwapo. Siku ya bakuli sikukataa kwa sababu nimeokoka. Niliogopa. Nilijua ninayo furaha hiyo, na sikuweza kuitoa. Ningeyatema yale maji nayo imo ndani, ningekuua. Nikaona afadhali mnichukie nyote."

"Na leso?"

"Niliinunua ulipoanza kukonda. Kabla ya daktari."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea. Miezi yote ile nilikuwa nimeshuku kweli tupu. Nilikuwa nimemsamehe mtu niliyeanza kumwona hana hatia, nami nikajisifu kwa hilo, na kumbe huyu hapa anayo, anaitaja kwa mdomo wake, na leso ile ameikunja vizuri juu ya sanduku. Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata kabla wala baada. Nilitoka nje. Damari aliponiona akatoka kivulini akaingia ndani mbio.

Nilisimama chini ya kamba za nguo za wanafunzi. Nilijaribu kusali sala ile ile, na pale pale nikakwama tena, kama siku ya kwanza. Nikamwambia Mungu kwamba sasa amenizidi. Ya kwanza ilikuwa mazoezi, na hii ndiyo yenyewe, na mimi siwezi. Sikusikia jibu. Nilichosikia ni Damari ndani akilia, na wifi akimwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Yule ndiye mama yako. Mimi ni shangazi. Nimekuambia kila siku, sema shangazi."

Kila siku. Nilimshuku tena hapo hapo, labda anasema hivyo kwa sababu ananisikia. Lakini mtoto alimjibu kwa kuchoka, kama anayerudia kitu alichofundishwa muda mrefu na hakitaki, "Shangazi, shangazi, shangazi."

Mwanamke huyu alifurahia ugonjwa wangu, na pia amemfundisha mtoto huyu, asubuhi hadi jioni, kwamba yeye si wake. Vyote viwili vilikuwa kweli, na ilinibidi niingie ndani nikiwa navyo vyote viwili.

"Funga nguo zako," nilimwambia. "Twende sote Chaani. Mtoto hatoki hapa akilia, na mimi sirudi nyumbani bila yeye."

"Mwakio atasemaje?"

"Mwakio atasema karibu. Wifi, mimi bado sijakusamehe. Nimekuambia uje."

Alikaa nasi zaidi ya miezi miwili. Ilikuwa kazi. Niliwatazama wanapokula, wanapooga, niliwasikiliza nikiwa jikoni. Kila siku nilimpelekea Mungu jambo jipya, na kila siku wifi alinipa sababu ya kumshuku na sababu ya kuona haya. Mama alipopata habari alileta salamu kwamba nimerogwa sasa kabisa. Damari alikubali kwanza kula nilichopika, kisha kukaa karibu, lakini akianguka au akiumwa alimwendea wifi, na mimi niliendelea kukata mboga nikijifanya sijaona.

Asubuhi moja Mwakio ameshakwenda kazini, wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mimi niko mbali kidogo nikipepeta mchele. Damari alikuja kutoka uani, kidole kimechubuka, mdomo umeshaanza kupinda. Wifi alikuwa karibu naye kabisa. Nilimwona alivyoinama mbele, na mikono yake ilivyoinuka magotini. Kisha akaishusha. Akaishika yote miwili kwa nguvu mapajani mwake, akatazama ukutani. Mtoto alisimama mbele yake akingoja. Hakuna mkono ulionyooshwa. Akampita, akaja kwangu na ungo wangu, akaninyoshea kidole.

Nilikipuliza kile kidole. Nilipoinua macho, wifi alikuwa bado anatazama ukuta, machozi yanamtiririka hadi shingoni, na mikono yake haijaachana. Tangu asubuhi hiyo sijawahi kumchunguza tena.